Nyaya Zilizo Juu ya Barabara ya Rainier

Hotuba iliyotolewa mbele ya wakazi wa kusini mwa Seattle wanaozungumza Kiswahili

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, vijana, na ninyi watoto mliokuja na wazazi wenu jioni hii ya mvua: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake. Nashukuru kwa kupewa nafasi ya kusimama mbele yenu. Mwenyekiti aliniomba nizungumzie usafiri wa mji huu, nami nimechagua jambo moja tu ndani ya usafiri huo, nalo ni matrolibasi, yaani yale mabasi ya umeme yanayochukua nguvu yake kwenye nyaya zilizotandazwa juu ya barabara. Nimelichagua kwa sababu wengi wetu tumefika hapa kwa ruti namba 7 inayopita barabara ya Rainier au kwa ruti namba 36 inayopita Beacon Hill, na ruti zote mbili ni za trolibasi. Tunayapanda kila siku, tunapeleka watoto shule na wagonjwa hospitali, lakini ni mara chache tunainua macho kutazama kilicho juu ya paa.

Niseme kwanza kuhusu jina, maana kwetu pwani neno toroli lina historia yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mombasa ilikuwa na reli nyembamba kutoka Mji wa Kale hadi Kilindini, na juu yake vilipita vigari vidogo vilivyosukumwa na watu. Mabwana walikaa kivulini chini ya turubali, na waliosukuma walikimbia nyuma juani. Vile navyo viliitwa toroli. Nataja hili ili mzee asije akafikiri kwamba naleta habari za mikokoteni. Toroli ya hapa haisukumwi na mtu yeyote. Inasukumwa na maji ya mto, na nitaeleza baadaye kwa vipi.

Kesho asubuhi ukiwa kituoni, litazame basi linapokuja. Juu ya paa, kwa nyuma, kuna fito mbili ndefu zilizoinuka kwa mshazari, na ncha ya kila ufito imekaa chini ya waya wake. Waya mmoja unaleta umeme na mwingine unaurudisha, kwa sababu basi hili linatembea kwa magurudumu ya mpira na halina reli ya kurudishia umeme kama treni. Kwenye ncha kuna kipande cha kaboni chenye mfereji, na mfereji huo ndio unaoushika waya na kuteleza nao. Nguvu iliyomo humo ni volti 700. Katika asubuhi za baridi kali, barafu ikiwa imeganda juu ya nyaya, mtaona cheche za buluu zikiruka ncha inapoikwangua barafu, na watoto huzishangilia. Mimi ni fundi umeme kwa kazi na kwa mafunzo, na bado nazishangilia pamoja nao.

Pengine mmewahi kuona ufito ukiachia waya kwenye kona. Dereva husimamisha basi, huvaa koti la rangi kali na glavu, hushuka, huzunguka nyuma, hushika kamba inayoning'inia, huuvuta ufito chini, kisha huurudisha taratibu mpaka ncha ikae mahali pake. Kazi hiyo haichukui hata dakika tatu kwa dereva aliyeizoea. Mabasi tuliyonayo sasa yana betri ndogo pia, hivyo fito zikishushwa basi linaweza kusogea lenyewe kuipita gari lililoharibika au barabara inayochimbwa. Betri hiyo ndogo imebadilisha mambo mengi, na ndiyo msingi wa hoja yangu ya baadaye.

Sasa turudi nyuma kidogo. Mwaka 1919 Manispaa ya Seattle, chini ya meya Ole Hanson, ilinunua mtandao wa tramu kutoka kwa kampuni binafsi kwa dola milioni 15. Bei ilikuwa kubwa kuliko thamani ya mali iliyonunuliwa, na deni lile likaukaba mtandao kwa miaka ishirini. Tramu zilichakaa, reli zikalegea, na fedha ya kuzitengeneza ilikuwa inakwenda kulipa deni. Likaletwa pendekezo la kung'oa reli na kuweka matrolibasi. Machi 1937 wananchi wakapiga kura na kulikataa, kwa sababu wengi walizipenda tramu zao na hawakuwaamini waliotaka kuziondoa. Hata hivyo deni halikuondoka kwa kura ile. Mwaka 1939 mji ukapata mkopo wa zaidi ya dola milioni 10 kutoka serikali kuu, kwa sharti kwamba mtandao ufanywe upya. Trolibasi la kwanza la abiria lilianza kazi tarehe 28 Aprili 1940, na tramu ya mwisho ilirudi bandani tarehe 13 Aprili 1941. Katika muda usiofika mwaka mmoja, mji mzima ulikuwa umebadilisha usafiri wake.

Kwa nini wakachagua trolibasi, wakati mabasi ya mafuta yalikwishakuwapo? Jibu liko chini ya miguu yetu. Mji huu umejengwa juu ya vilima. Kilima cha Queen Anne kina mteremko wa karibu asilimia 18, na zamani tramu haikuweza kukipanda kwa nguvu yake yenyewe. Ilifungwa kwa kebo iliyounganishwa na uzito mkubwa uliokuwa ukitembea juu ya reli ndani ya handaki chini ya barabara. Uzito ukiteremka, tramu inapanda, na tramu ikiteremka, uzito unapanda. Mpaka leo wenyeji wanaiita sehemu ile kwa jina la mtambo huo, Counterbalance. Trolibasi lilipokuja mwaka 1940 lilikipanda kilima hicho bila kebo na bila uzito. Mota ya umeme haihitaji kunguruma ndipo ipate nguvu, kwa kuwa inatoa nguvu yake kubwa pale pale basi linapoanza kuondoka, na ndilo jambo linalotakiwa ukiwa umesimama katikati ya mlima na abiria sitini. Nendeni mkapande ruti namba 3 au namba 4 katika mtaa wa James, kuelekea hospitali ya Harborview. Basi linasimama kwenye taa, pua ikielekea mbinguni, kisha linaondoka bila kishindo, na mgonjwa aliyekaa kiti cha mbele hatikisiki.

Mlima huo huo una faida wakati wa kushuka. Dereva akikanyaga breki, mota inageuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye nyaya, ambako basi jingine linalopanda linaweza kuutumia. Ule uzito wa zamani wa chini ya ardhi umerudi kwa sura nyingine: basi linaloshuka linamsaidia mwenzake anayepanda, na kiungo chao ni waya.

Ndugu zangu, naomba tuutazame kwa makini mwaka 1963, kwa kuwa ndani yake mna onyo. Kufikia wakati huo matrolibasi yale ya 1940 yalikuwa yamezeeka. Mafuta ya dizeli yalikuwa rahisi, barabara kuu ya magari iliyokata mji katikati ilikuwa inajengwa, na waliosimamia usafiri waliona kwamba nyaya ni gharama na pia zinaharibu sura ya mji. Walichofanya ni kupunguza ruti, moja baada ya nyingine, na kuweka dizeli mahali pake. Kila upungufu ulikuwa na sababu yake, na kila sababu ikisomwa peke yake ilionekana ya busara. Waliokuja kushtuka walikuta sehemu kubwa ya nyaya imeshashushwa na kubaki vipande vichache katikati ya mji na vilimani. Nyaya ni kitu cha namna hiyo. Kuziteremsha ni kazi ya siku chache. Kuzirudisha kunataka nguzo, vituo vya kupozea umeme, vibali, bajeti na miaka.

Kilichookoa mabaki hayo ni wananchi. Septemba 1972 wapiga kura wa Kaunti ya King, yenye mji huu ndani yake, waliidhinisha kuanzishwa kwa huduma ya mabasi ya kaunti nzima, na tarehe 1 Januari 1973 Metro, yaani shirika la huduma hiyo, ikachukua kazi. Bei ya mafuta ikapanda katika muongo ule, wakazi wa vilimani wakadai mabasi yasiyo na moshi wala kelele, na mtandao ukajengwa upya. Mwaka 1978 ulifungwa wote kwa ajili ya kazi hiyo, na Septemba 1979 ukafunguliwa tena ukiwa na mabasi 109 mapya. Katika nchi ambayo miji mingi ilikwisha kuzitupa nyaya zake, hilo lilikuwa jambo adimu. Baadaye, mwaka 1990, likafunguliwa handaki la mabasi chini ya katikati ya mji, likatumiwa na mabasi 236 yaliyotembea kwa dizeli kwenye barabara kuu na kwa umeme wa nyaya ndani ya handaki. Mabasi hayo yalikuwa mazito na hayakudumu huko, ingawa baadhi yake yaliondolewa injini za dizeli yakafanya kazi kama matrolibasi ya kawaida, hata katika ruti yetu namba 7.

Tulikaribia kuupoteza mtandao mara nyingine zaidi ya miaka kumi iliyopita. Mabasi yalikuwa yamechakaa tena, na Metro ikaagiza utafiti wa kulinganisha matrolibasi mapya na mabasi mseto ya dizeli na umeme. Utafiti ulitoka mwaka 2011. Ulionyesha kwamba ukihesabu gharama zote za maisha ya basi, trolibasi lingeokoa karibu dola milioni 3.7 kwa mwaka. Sehemu ya sababu ni kwamba serikali kuu ilihesabu nyaya kuwa njia maalumu ya kudumu, kama reli, na ikatoa ruzuku kwa hesabu hiyo. Basi uamuzi ukawa ni kununua. Kuanzia 2015 yakaja mabasi 174 ya kampuni ya New Flyer, 110 ya kawaida na 64 marefu yenye kiungo katikati, na ndiyo tunayoyapanda leo.

Nataka kina mama wakumbuke mabasi yaliyokuwepo kabla ya haya. Yalikuwa na ngazi mlangoni. Nilikuwa nikimsindikiza mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, na kila safari ilianza kwa yeye kushika chuma kwa mikono miwili, kuweka mguu wa kulia, kupumzika, kisha kuuvuta wa kushoto, huku foleni nzima ikisubiri nyuma yake. Siku ya kwanza basi jipya lilipotuinamia kituoni, sakafu ikawa sawa na ukingo wa njia ya miguu, akaingia kama anayeingia sebuleni kwake, kisha akageuka kuniuliza kwa nini nimesimama nje.

Hiyo ndiyo historia. Sasa niseme kwa nini nina wasiwasi, ingawa mabasi ni mazima na nyaya zipo.

Umri wa basi la abiria ni miaka kumi na mitano hivi, hivyo mabasi ya 2015 yanaikaribia zamu ya kubadilishwa, na mazungumzo ya nini kinunuliwe huanza miaka mingi kabla ya tarehe yenyewe. Kaunti ilijiwekea lengo la kuwa na mabasi yasiyotoa moshi kabisa ifikapo 2035. Ni lengo jema, nami naliunga mkono kwa moyo wote. Ila katika mazungumzo hayo, neno "umeme" limekuwa likimaanisha zaidi na zaidi basi la betri, linalochajiwa usiku bandani na kutembea mchana bila nyaya. Wapo wanaouliza kwa nia njema kabisa: kama betri inatosha, nyaya za nini?

Nawaheshimu wanaouliza hivyo, na nakubali kwamba nyaya zina shida zake. Basi la nyaya haliwezi kukwepa mbali na njia yake. Barabara ikifungwa kwa ujenzi, umeme wa sehemu hiyo huzimwa, na ndiyo maana mwishoni mwa wiki mtaona mabasi ya dizeli yakipita chini ya nyaya katika ruti za trolibasi. Nyaya zinataka mafundi wa kudumu, magari ya ngazi, na kubadilisha vyuma kila mara. Watengenezaji wa matrolibasi katika Amerika Kaskazini wamebaki wachache mno, na uhaba huo tumeuona kwa macho yetu katika mtaa wa Madison. Ruti mpya ya haraka, mstari G, ilipangwa iwe ya trolibasi. Ikaonekana kwamba hakuna mtengenezaji wa kuleta basi refu lenye milango pande zote mbili na nguvu ya kutosha kwa mteremko ule, na mstari ulipofunguliwa tarehe 14 Septemba 2024 ulianza na mabasi mseto ya dizeli. Katika mji wa trolibasi, kwenye kilima kilichofaa trolibasi kuliko vyote, tumeweka injini ya mafuta.

Lakini betri nayo ina mzigo wake, na hapa nazungumza kama fundi. Basi linalotegemea betri peke yake hubeba mgongoni umeme wa siku nzima, na umeme huo una uzito. Likipanda kilima linajipandisha lenyewe, abiria na betri yake. Wakati wa baridi, joto la ndani ya basi linakula sehemu ya chaji. Banda linahitaji laini kubwa ya umeme ili mamia ya mabasi yachajiwe kwa pamoja usiku. Soko lenyewe halijatulia: Proterra, kampuni iliyoiuzia Metro mabasi ya betri, iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika Agosti 2023. Sisemi betri ni mbaya. Zipo ruti ndefu za vitongojini ambako kuweka nyaya hakuna maana, na huko betri ndiyo jibu. Ninachosema ni kwamba pale ambapo nyaya zipo tayari, basi lenye betri ndogo linaweza kujichaji likiwa linatembea chini ya nyaya, kisha likashusha fito na kumalizia safari mahali ambapo hazipo. Hivyo nyaya za Rainier zingeweza kulisha ruti zinazokwenda mbali kuliko Rainier, bila kuongeza nguzo hata moja.

Huu si uvumbuzi wangu. Praha, mji mkuu wa Ucheki, ulifunga matrolibasi yake mwaka 1972, ukakaa miaka arobaini na mitano bila hayo, kisha mwaka 2017 ukaanza kuyarudisha, nyaya zikiwekwa kwenye milima na mahali penye mabasi mengi, na betri ikitumika kwingine. Majirani zetu wa Vancouver, saa tatu tu kutoka hapa kwa gari, wana mtandao mkubwa wa trolibasi tangu 1948 na wameagiza mabasi mapya ya kuuendeleza. Upande wa pili ni Cambridge, karibu na Boston, ambako matrolibasi yaliondolewa Machi 2022 ili kupisha ukarabati wa banda litakalokuwa la mabasi ya betri. Siku mabasi ya nyaya yalipoondoka, mabasi ya betri yalikuwa hayajafika, na kwa hiyo abiria wa ruti zile walitolewa kwenye umeme wakarudishwa kwenye dizeli kwa jina la kuondoa dizeli. Marekani nzima sasa imebakiwa na miji minne yenye matrolibasi: San Francisco, Philadelphia, Dayton na huu wetu.

Niliahidi kueleza habari ya maji. Shirika la umeme la mji huu, Seattle City Light, ni mali ya wananchi, na sehemu kubwa ya umeme wake inatoka kwenye mabwawa, yakiwemo matatu ya mto Skagit huko milimani kaskazini. Bwawa la Gorge lilianza kutoa umeme mwaka 1924. Theluji inayeyuka, maji yanaingia mtoni, yanazungusha mitambo, umeme unasafiri hadi mjini, unapita kwenye waya, unashuka kwenye ufito, na mtoto wa Rainier Beach anafika shule. Hakuna tenki la mafuta katika mnyororo huo, wala moshi wa kuvutwa na mama mwenye mtoto mgongoni anayesubiri kituoni. Barabara ya Rainier ina magari mengi na hewa yake imebeba ya kutosha. Kila basi lisilotoa moshi katika barabara ile ni jambo la mapafu ya watoto wetu, na sisi tulioishi miji ya matatu na daladala kuukuu hatuhitaji kufafanuliwa maana ya kusimama nyuma ya bomba la moshi.

Kuna mazuri yanayoendelea, nisiwakatishe tamaa. Mstari J unajengwa kupitia Eastlake hadi eneo la chuo kikuu, na umepangwa kuwa wa trolibasi. Ruti namba 48 nayo imekuwa katika mipango ya kuwekewa nyaya kwa miaka mingi. Lakini ruti zetu za kusini, 7 na 36, zina abiria wengi ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, wanaofanya kazi zamu za usiku, na ambao mikutano ya hadhara ya saa nane mchana inawapita wakiwa kazini au usingizini. Uamuzi ukifanywa bila wao, haina maana kwamba waliukubali. Hawakuulizwa kwa wakati wala kwa lugha yao.

Ndiyo maana nimekuja na ombi dogo la vitendo. Mezani pale, karibu na birika la chai, nimeweka daftari kubwa lenye mistari. Kila anayepanda ruti namba 7 au namba 36 aandike tarehe, saa, kituo, na kama basi lilikuwa na fito juu, fito chini, au lilikuwa la dizeli. Asiyeandika amwambie mwanawe amwandikie. Baada ya miezi mitatu tutakuwa na hesabu yetu wenyewe, tutaitafsiri kwa Kiingereza, na tutaipeleka kwa diwani wa kaunti anayewakilisha eneo hili, pamoja na swali moja: mabasi ya 2015 yakistaafu, mmepanga kitu gani chini ya nyaya za Rainier, na hesabu yake iko wapi?

Ukurasa wa kwanza nimeujaza mwenyewe nikija hapa jioni hii: ruti namba 7, kituo cha Rainier na Othello, saa kumi na moja na dakika ishirini, mvua, fito juu. Kalamu imefungwa kwa uzi kwenye daftari. Tuanze na bibi aliyekaa mstari wa mbele, maana amenong'ona kwamba na yeye amekuja na namba 7, kisha daftari lizunguke.